Chumba Nyamirambo: hesabu ya mfanyabiashara kabla ya kulipa kodi

KIGALI – Anayekuja Kigali mara moja kwa mwaka hulala gesti. Anayekuja kila wiki na marobota ya vitenge, maboksi ya viatu au magunia ya mchele hufika siku akapiga hesabu ya fedha alizowaachia wenye gesti, akaona zingetosha kulipia chumba chake mwenyewe. Wengi wakishapiga hesabu hiyo huanza kutafuta upande mmoja wa jiji: Nyamirambo.

Sababu ya kwanza ni lugha. Kinyarwanda ndiyo lugha ya kila mtaa wa Kigali, lakini Nyamirambo mgeni anaweza kununua mkate, kuuliza njia na kupatana bei ya chumba kwa Kiswahili tangu siku ya kwanza. Mtu wa Bukoba, Kampala, Mombasa, Bujumbura na Bukavu wanakutana kwenye meza moja ya chai na chapati, kila mmoja na Kiswahili cha kwao, na wanaelewana.

Mtaa uliozaliwa na biashara

Ukarimu huo una historia. Kigali ilianzishwa mwaka 1907 na Richard Kandt, mwakilishi wa utawala wa Kijerumani. Waliomfuata walikuwa askari, makarani, wapagazi na wachuuzi waliotoka pwani na bara ya Tanganyika, wakija na Kiswahili na Uislamu. Msikiti wa Al-Fatah, unaotajwa kuwa wa kwanza nchini Rwanda, ulijengwa mwaka 1913. Wabelgiji walipochukua nchi mwaka 1916 waliendelea kuwaweka Waswahili kwenye mtaa wao wa pekee. Ndiyo asili ya Biryogo na jina la Kambi ya Waswahili ambalo wazee bado wanalitaja.

Kwa hiyo mfanyabiashara anayebisha hodi Nyamirambo leo anabisha mlango uliojengwa na wafanyabiashara wenzake zaidi ya miaka 100 iliyopita. Na mwaka 2017 Bunge la Rwanda lilikipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi, pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa.

Jina la Nyamirambo midomoni mwa watu ni kubwa kuliko lilivyo kwenye ramani. Wilaya ni Nyarugenge. Ndani yake kuna tarafa ya Nyamirambo yenyewe, na jirani zake ni Nyakabanda na Rwezamenyo, huku Biryogo ikiwa ndani ya tarafa ya Nyarugenge. Dalali akisema chumba kiko Nyamirambo, aulizwe jina la umudugudu, yaani kitongoji. Kati ya chumba kilicho kando ya lami karibu na Uwanja wa Pelé na kile kilicho mteremkoni chini ya Mlima Kigali kuna mwendo mrefu wa miguu, na mwenye mzigo atalipia mwendo huo kila siku.

Vyumba vingi vya bei ya kati viko ndani ya ua lenye ukuta na geti moja, ambalo Wanyarwanda huliita igipangu. Mwenye nyumba hukaa nyumba ya mbele, wapangaji hukaa nyuma. Bomba, choo na kamba ya kuanikia nguo huwa vya wote. Ghorofa zenye choo na jiko ndani zipo na zinaongezeka, kwa bei ya juu.

Hesabu ya mtaji

Chukua mfano wa mama anayeleta vitenge kutoka Kampala na kulala Kigali usiku 8 kwa mwezi. Kama gesti ni faranga 12,000 kwa usiku, anatumia faranga 96,000. Akipata chumba cha faranga 80,000, akaongeza 15,000 za umeme, maji, ulinzi na taka, anafika 95,000. Kwa mfano huo, usiku wa nane ndio mstari. Anayelala chini ya hapo, gesti bado ni rahisi kwake. Anayelala zaidi, chumba kinaanza kumlipa.

Lakini fedha ya siku ya kwanza ndiyo inayoumiza. Tuseme mwenye nyumba anataka kodi ya miezi 3 mbele na dhamana ya mwezi 1, na dalali anataka nusu mwezi. Hapo ni faranga 240,000, kisha 80,000, kisha 40,000. Jumla 360,000 zinatoka kwa mkupuo, na kwa mchuuzi wa kati hizo ni mzigo mzima usionunuliwa.

Fedha hizo si za aina moja. Zile 240,000 zitaliwa polepole kwa kukaa. Zile 40,000 za dalali zimekwenda. Zile 80,000 za dhamana ni mali ya mpangaji iliyo mikononi mwa mwenye nyumba, na hurudi kwa urahisi kama imeandikwa hivyo. Mkataba usiotenganisha kodi na dhamana humfanya mpangaji asahau fedha yake, au akumbushe na kuambiwa ilikuwa kodi.

Aliyezoea Dar es Salaam, ambako kudaiwa kodi ya miezi 6 au mwaka ni jambo la kawaida, ataona miezi 3 ni nafuu na kulipa bila kupatana. Asifanye haraka. Hata Kigali miezi ya mbele hupatanwa kama bei ya kitu chochote.

Malipo yawe kwa faranga. Benki Kuu ya Rwanda hairuhusu bei za ndani ya nchi kutozwa kwa fedha za kigeni bila idhini yake, na kodi ya chumba imo. Anayedaiwa dola ana haki ya kukataa. Njia nzuri zaidi ni kulipa kwa simu au benki, kwa jina lilelile lililo kwenye mkataba. Ujumbe wa malipo ni risiti isiyoloana na mvua.

Kabla ya kumpa dalali hata faranga moja

Madalali, ambao mjini huitwa abakomisiyoneri, wengi ni waaminifu na bila wao mgeni angezunguka wiki nzima. Wapo pia wanaotoza ada ya kuonyesha chumba hata kisipochukuliwa, na matapeli wanaopokea kodi ya nyumba isiyo yao. Kinga ipo, na ni ya Rwanda yenyewe: kila kiwanja nchini kimesajiliwa na kina namba yake, inayojulikana kama UPI. Mpangaji aombe namba hiyo na jina la mwenye kiwanja, kisha aende kwa kiongozi wa umudugudu kuuliza kama ndivyo. Mwenye nyumba wa kweli hachukii kuulizwa.

Ndani ya chumba, jambo la kutazama kwanza ni mita ya umeme. Kile ambacho Dar es Salaam wanakiita Luku na Kampala Yaka, hapa huitwa cash power. Kama mita ni moja kwa ua zima, iulizwe mapema nani ananunua umeme na unagawanywa vipi. Mchuuzi anayelala siku 8 kwa mwezi hastahili kulipa sawa na jirani mwenye jokofu linalowaka mwezi mzima. Maji nayo vilevile.

Vitambulisho, kitongoji na Jumamosi ya mwisho

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, inampa raia wa nchi mwanachama haki ya kuingia, kufanya kazi, kujiajiri na kukaa katika nchi nyingine. Ila kifungu cha 15 kinasema matumizi ya ardhi na majengo yatafuata sheria za kila nchi. Kwa maneno mengine, jumuiya inakufungulia mpaka, mlango wa nyumba unafunguliwa kwa taratibu za Kigali.

Raia wa Kenya na Uganda wamekuwa wakiruhusiwa kuingia Rwanda kwa kitambulisho cha taifa tangu Januari 2014. Mtanzania aje na pasipoti au hati ya kusafiria. Anayetaka kuhamia kabisa na kufungua duka aulize Idara ya Uhamiaji kuhusu kibali cha ukaaji mapema, kwa sababu kukaa kama mgeni na kukaa kama mkazi ni vitu viwili tofauti.

Baada ya hapo kuna ngazi iliyo karibu zaidi. Mgeni hujitambulisha kwa kiongozi wa umudugudu, ambaye anapaswa kujua nani analala wapi. Kuna mchango wa ulinzi wa usiku, irondo, na mchango wa kuzolewa taka. Jumamosi ya mwisho ya mwezi ni umuganda, kazi ya pamoja ya usafi na ujenzi: asubuhi hiyo maduka hufungwa na magari ya abiria husimama. Aliyepanga kuuza asubuhi hiyo amepoteza nusu siku. Aliyekwenda na jembe amejulikana na majirani wote.

Jambo jingine la kujua ni namna ya kuulizana. Kwingineko katika ukanda huu, mwenye nyumba anaweza kumuuliza mpangaji kabila lake. Rwanda swali hilo halina nafasi. Vitambulisho havitaji kabila, na sheria inaadhibu ubaguzi wa aina hiyo. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, wapo Waislamu wa Biryogo waliowaficha majirani zao majumbani mwao. Mgeni anayezungumza ovyo juu ya makabila kwenye ua kama huo anafungua kidonda ambacho wenyewe wanajua uchungu wake.

Na kuhamia kwenyewe kuna masharti: vyombo visifungwe kwenye mifuko ya plastiki. Rwanda iliipiga marufuku mwaka 2008, na mpakani hainusuriki.

Mpaka ukifungwa

Hatari kubwa ya mpangaji wa mpakani haiko kwenye ua. Mwishoni mwa Februari 2019 mpaka wa Gatuna ulifungwa, na haukufunguliwa hadi Januari 31, 2022. Karibu miaka 3. Januari 2024 Burundi nayo ilifunga mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda. Aliyekuwa amelipa kodi ya mwaka mzima upande mmoja na familia yake iko upande wa pili alijikuta analipia chumba asichoweza kukifikia, au amekaa ndani ya chumba asichokuwa na bidhaa za kukilipia.

Kwa hiyo mkataba wa mfanyabiashara wa mpakani hautakiwi kufanana na wa mwalimu au karani. Uwe wa maandishi, kwa lugha ambayo pande zote mbili zinaielewa, na uwe na mashahidi. Utaje kodi, dhamana na tarehe ya kuirudisha. Kodi ya mbele iwe ya miezi michache kadiri inavyowezekana, hata kama ya mwaka inapunguziwa bei. Na uwe na kipengele cha kuondoka kwa taarifa ya mwezi 1, pamoja na jina la mtu aliye Kigali anayeruhusiwa kutoa vyombo na kupokea dhamana mpangaji asipoweza kuvuka.

Wengine hupunguza hatari kwa kupanga wawili: mmoja analala wiki hii, mwenzake wiki ijayo. Ni njia nzuri ilimradi mwenye nyumba amekubali na majina yote mawili yako kwenye mkataba na kwenye umudugudu. Chumba cha kulala kisigeuzwe ghala la siri, maana bidhaa zilizolala pasipostahili huleta maswali ya majirani na ya mamlaka.

Ugomvi ukitokea, usianzie mahakamani. Unaanzia kwa kiongozi wa umudugudu, na ukishindikana kuna Abunzi, wapatanishi waliochaguliwa na wananchi, wanaosikiliza madai madogo kwenye akagari. Hapo karatasi yenye sahihi na ujumbe wa malipo kwenye simu ndivyo vinavyozungumza.

Nyamirambo yenyewe haijasimama. Eneo la Agatare na Biryogo limejengewa barabara na mifereji, na tangu mwaka 2021 sehemu ya Biryogo imefungwa kwa magari ili meza za chai zijae barabarani. Mtaa ukipata lami, kodi nayo hupanda. Anayetaka chumba cha bei aliyoisikia kwa mwenzake wa mwaka juzi huenda akakikuta hatua chache zaidi mteremkoni, na ni afadhali akitazame mchana, mvua ikinyesha, kabla ya kutoa fedha.