Ngome, Gereza na Boma: Mgeni kutoka Mbulu Mbele ya Kuta za Pwani

Tuchukulie kwamba mwanafunzi aliyezaliwa Mbulu, au chini ya Mlima Hanang, anakwenda Kilwa Kisiwani kwa mara ya kwanza. Anashuka mashuani, anaona kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, zenye buruji pembeni, na mwenyeji wake anamwambia: "Hili ndilo Gereza." Kwa Kiswahili alichojifunza darasani, gereza ni mahali pa wafungwa. Basi anauliza ni wafungwa gani waliofungwa humo. Swali lake ni la haki kabisa, ila jibu halimo katika kuta. Limo katika neno lenyewe.

Wataalamu wengi wa asili ya maneno hulirudisha neno hili kwenye Kireno, igreja, yaani kanisa. Wareno waliivamia Kilwa mwaka 1505, wakajenga ngome, kisha wakaiacha mwaka 1512. Jengo tunaloliona leo ni kazi ya Waomani kwa sehemu kubwa, ya mnamo mwaka 1800. Lakini Wareno walikuwa na desturi ya kuweka kanisa ndani ya ngome zao, na yaelekea jina la sehemu likachukuliwa kuwa jina la jengo zima. Baadaye ngome zikafaa kufungia watu. Ngome ya Yesu ya Mombasa, iliyojengwa kati ya mwaka 1593 na 1596, na ambayo Waomani waliizingira tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698 ndipo wakaitwaa, iligeuzwa na Waingereza kuwa jela kuanzia mwaka 1895 hadi 1958. Hivyo kanisa likawa ngome, na ngome ikawa jela. Mgeni asiyeelezwa safari hiyo huondoka akiamini kwamba Kilwa palijengwa jela, na hiyo si historia.

Kwa upande mwingine, mgeni huyu si mtupu kama anavyodhaniwa. Lugha ya nyumbani kwao huenda ni Kiiraqw, ambacho ni cha jamii ya Kikushi, au Kidatoga, ambacho ni cha Kinailoti; Kiswahili amekipokea kama lugha ya pili. Hata hivyo, akionyeshwa mzinga uliolala juu ya ukuta wa ngome, atatabasamu, maana mzinga aujuao yeye hutundikwa mtini na hukaliwa na nyuki. Maana zote mbili ni halali, na umbo ndilo linaloziunganisha: kitu cha mviringo, kirefu, chenye uwazi ndani. Aliyemwona nyuki akitoka mzingani kwa hasira hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Neno boma nalo analijua vizuri, pengine kuliko mwenyeji wa pwani. Kwao boma ni ua wa miti au miiba unaozunguka kaya na mifugo. Wajerumani walipoingia bara walijenga vituo vyao vya kijeshi, na vituo hivyo vikaitwa boma. Boma la Arusha lilijengwa mwaka 1900, na Mbulu na Hanang zilikuwa sehemu ya Mkoa wa Arusha mpaka Mkoa wa Manyara ulipoundwa mwaka 2002. Askari walipoondoka, watawala wa kiraia walibaki katika majengo yale yale. Ndiyo sababu mzee wa kijijini akisema "naitwa bomani" hakusudii zizi wala ngome, bali ofisi ya serikali. Ua wa ng'ombe umekuwa jina la dola. Mabadiliko haya hayapungui uzito kuliko yale ya gereza, ila hatuyatangazi kwa watalii.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Mwanafunzi wetu akiulizwa na mwenyeji wa Kilwa kama kwao kuna ngome, huenda akajibu kwamba hakuna. Lakini katika nyanda za juu za Kainam, Wairaqw walichimba nyumba zao ndani ya mteremko wa kilima, paa la udongo likalingana na ardhi ya juu, ili wavamizi, hasa Wamasai waliokuja kuteka ng'ombe, wapite bila kutambua kwamba chini ya nyayo zao kuna watu na mifugo. Mtu wa pwani aliinua ukuta ili aonekane kwamba hashindiki. Mwiraqw alijihami kwa kutoonekana. Zote mbili ni kazi za ulinzi, nazo zilihitaji akili na jasho. Ile ya kwanza ina ngome, gereza, buruji na handaki katika kamusi zetu. Hii ya pili tumeipa neno moja tu, tembe, nalo hutueleza habari za paa.