Mgeni wa siku mbili Nyungwe: nani anamlisha?

RUSIZI – Kabla jua halijapanda, foleni huwa imeshajipanga kwenye daraja la Rusizi ya Kwanza. Akina mama wamebeba nyanya na mboga, vijana wana trei za mayai, kila mmoja na kitambulisho mkononi. Bukavu iko ng'ambo tu ya mto.

Kilomita chache kutoka hapo, kwenye uwanja wa ndege wa Kamembe, hutua ndege kutoka Kigali. Baadhi ya abiria wake hupokelewa na gari la hoteli na kuondoka moja kwa moja kuelekea msitu wa Nyungwe. Hawaoni soko la Kamembe wala daraja, na mama wa nyanya naye hawaoni. Fedha wanazokuja nazo hupita barabarani mbele ya maduka na kuendelea na safari.

Wanakwenda wapi?

Safari ya gari ni ya takriban saa moja. Barabara inapanda kati ya mashamba ya chai ya Gisakura hadi ukingoni mwa msitu. Hapo ndipo ilipo loji ya kifahari ya One&Only Nyungwe House, yenye vyumba 22 tu vinavyotazama miti. Kwa usiku mmoja, bei ya chumba inaweza kupita dola 1,000. Wengi hukaa siku mbili au tatu, kisha huondoka.

Siku ya kwanza mgeni huamshwa gizani ili kuwafuata sokwe. Siku ya pili hutembea kwenye daraja la kamba la Uwinka, lenye urefu wa mita 160 hivi, akiwa juu ya vilele vya miti. Akibaki na nguvu, hushuka kwenye maporomoko ya maji. Jioni huletewa chai iliyochumwa kwenye vilima anavyoviona dirishani.

Hifadhi ya Nyungwe ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 1,000 na jamii 13 za nyani, kima na sokwe. Tangu mwaka 2020 inaendeshwa na shirika la African Parks kwa ubia na serikali, na Septemba 2023 iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Msitu huo pia ni tangi la maji. Mvua inayonyesha upande wake wa mashariki huishia mto Nile, na ile ya magharibi huteremka kuelekea Kongo. Maji ya upande huu huungana na ya ziwa Kivu katika mto Rusizi, uleule wanaouvuka wafanyabiashara kila asubuhi. Mto huo huendesha pia kituo cha umeme cha Rusizi II, mali ya pamoja ya Rwanda, Burundi na Kongo. Msitu ukikatwa, hasara haibaki kwa hoteli peke yake.

Fedha inayobaki

Sera ya Rwanda imeweka sehemu ya kubaki nyumbani. Tangu mwaka 2017, asilimia 10 ya mapato ya utalii wa hifadhi hurudi kwa jamii zinazozizunguka. Kabla ya hapo ilikuwa asilimia 5. Rusizi na Nyamasheke ni miongoni mwa wilaya zinazonufaika, kupitia miradi kama shule, maji na vyama vya ushirika.

Lakini mgao ni kitu kimoja na biashara ni kitu kingine. Mgeni anakula mara tatu kwa siku, na vyakula vingi anavyokula vinapatikana wilayani humu: sambaza wa Kivu, mchele wa Bugarama, maparachichi, mayai, asali na kahawa ya vilima vya ziwa. Swali ni kwa nini jiko la hoteli liagize Kigali, zaidi ya kilomita 200, kitu kinachouzwa Kamembe.

Jibu si bei. Mpishi wa hoteli ya aina hii hununua uhakika. Anataka kilo 20 za samaki kila Jumanne na Ijumaa, saizi moja, kwenye barafu, mvua inyeshe isinyeshe. Anataka risiti ya EBM kwa ajili ya hesabu za mhasibu wake. Na hulipa kwa akaunti, mara nyingi baada ya wiki kadhaa.

Mama wa kikapu kimoja hawezi kusubiri wiki hizo. Mtaji wake ni wa leo kwa leo. Ushirika wenye wanachama 15, jokofu moja, akaunti moja na risiti za EBM unaweza. Anayetaka kuanza aanze na hoteli ndogo za pembezoni mwa ziwa hapo Kamembe. Oda zake ni ndogo, malipo yake ni ya haraka, na ndizo zinazomfundisha muuzaji kutunza ratiba.

Mguu wa pili

Bukavu itabaki kuwa soko kubwa. Ni mji wa watu wengi, na Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 kukiwa na matumaini ya mpaka mwepesi. Lakini Bukavu ilipoangukia mikononi mwa M23 Februari 2025, wenye kutegemea daraja peke yake walikumbushwa jinsi mguu mmoja usivyotosha kusimamia.

Utalii nao una woga wake. Habari za vita zikisikika, mgeni wa mbali huahirisha safari hata kama msitu umetulia. Ndiyo maana hoteli haifai kuchukua nafasi ya daraja. Inafaa kuwa mguu wa pili, ili siku moja ukiteguka, mwingine ubebe.

Gari la hoteli litapita tena Kamembe likienda uwanja wa ndege kuchukua wageni wapya. Kwa sasa linakwenda tupu. Kurudi kwake, nyuma ya viti kuna nafasi ya kreti kadhaa za samaki.