Usipa na muhogo katika sahani moja

Ukiteremka kutoka Mbinga, migomba na kahawa za Wamatengo zikibaki huko juu milimani, joto la Ziwa Nyasa hukulaki kabla hujayaona maji. Jioni, Mbamba Bay, karai liko motoni. Vipande vya muhogo vinaopolewa vikiwa na rangi ya dhahabu, kisha usipa, wakavu, wa kutafunwa na vichwa vyao. Juu yake chumvi na pilipili. Unakula umesimama.

Usipa ni mwenyeji hasa. Jina lake la kisayansi ni *Engraulicypris sardella*, na asili yake ni ziwa hili na maji yanayotoka humo, basi. Tunamwita dagaa, lakini dagaa wa Kigoma ni jamaa wa samaki wa baharini, na usipa hana udugu nao wa karibu. Huishi takriban mwaka mmoja tu. Ziwa lina kina cha zaidi ya mita 700, ila chini ya mita 250 hivi hakuna oksijeni, kwa hiyo maisha yake yote hupita katika tabaka la juu, akifuata vijidudu vinavyoelea. Wavuvi humvuta usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga wa taa hupotea ndani ya mwanga wa mbalamwezi, na nyavu hurudi nyepesi.

Muhogo ndio mgeni. Ulianza kulimwa Amerika Kusini, na Wareno wakauleta Afrika katika karne ya 16. Pilipili nayo imetoka upande huohuo wa dunia.

Mgeni huyu alikuja na silaha yake. Ndani ya chembe za muhogo mna linamarini, na pembeni yake, kikiwa kimetengwa, kuna kimeng'enya cha kuivunja. Panya akiguguna mzizi, viwili hivyo hukutana na sianidi huzaliwa. Muhogo mtamu una linamarini kidogo, ndiyo maana huo ndio wa karai. Ule mchungu una nyingi: humenywa, huvundikwa majini siku kadhaa hadi ulainike, huanikwa, ndipo hutwangwa unga wa ugali. Kulainika huko si jambo dogo. Kuta za chembe zinapobomoka, kimeng'enya huifikia linamarini yote, na sianidi, ambayo huchemka kwenye nyuzi 26 tu, hutoweka hewani. Akina mama wa mwambao huujua muhogo uliokwisha kuiva majini kwa kuuminya kwa vidole.

Hatua hiyo ikirukwa, maafa hufuata. Mwaka 1985, wakati wa ukame, watu wa Tarime walipooza miguu ghafla kwa ugonjwa uitwao konzo. Walikuwa wanakula muhogo mchungu usioandaliwa vya kutosha, na chakula chao kilikuwa na protini haba.

Hapo ndipo usipa anaponigusa moyo. Mwili huigeuza sianidi kuwa kitu chepesi zaidi cha kutolewa kwa mkojo, lakini kazi hiyo inahitaji salfa, na salfa hiyo hutokana na protini. Muhogo una protini kidogo mno. Samaki anayo tele, na usipa, kwa kuwa huliwa mzima na mifupa, huongeza kalisi pia. Nikifika pale kwenye karai, huomba niongezewe usipa kwanza, muhogo baadaye.