Sindano Inayoona Chini ya Uso

Tangu 2011 Naivasha imekuwa ikiunda paneli za sola. Kiwanda kilianza kwa jina la Ubbink, ubia wa Waholanzi na kampuni ya Chloride Exide ya Kenya; siku hizi kinaitwa Solinc. Seli zenyewe huagizwa kutoka ng'ambo, hapa zikaunganishwa, zikafunikwa kwa kioo na kutiwa fremu ya alumini. Lakini kazi inayoifanya seli itoe stima imeshafanyika kabla meli haijatia nanga Mombasa.

Kazi hiyo ni kuichafua silikoni makusudi. Ikiwa safi kabisa, haipitishi umeme wa maana. Kwa hiyo aghalabu hutiwa boroni, kisha uso mmoja hutiwa fosforasi, na mpakani mwa hizo mbili ndipo elektroni zilizoamshwa na jua husukumwa upande mmoja. Boroni ni kama atomu moja kwa milioni 5 za silikoni: punje ya mtama ndani ya magunia 18 ya mahindi ya kilo 90. Uchafu usioalikwa, hasa chuma, huidhuru seli hata ukiwa haba kuliko hapo.

Watengenezaji wa silikoni hawazitafuti atomu hizo moja moja. Huigusisha sindano nne, hupima ukinzani na kupiga hesabu. Inatosha.

Kuziona ndiyo kazi. Mwaka 1981 Gerd Binnig na Heinrich Rohrer wa IBM, Zurich, walibuni hadubini isiyo na lenzi, wakatuzwa Nobeli 1986. Ncha ya sindano husogezwa hadi chini ya nanomita moja kutoka usoni, bila kugusa, na elektroni hulivuka pengo. Pengo likipungua kwa sehemu ya kumi ya nanomita, mkondo huongezeka takriban mara kumi.

Chombo cha juu juu, basi, kinaonaje yaliyozama? Atomu ngeni iliyo tabaka kadhaa chini huzivuta au kuzifukuza elektroni za usoni kwa chaji yake, na sindano huandika uvimbe mahali palipo tambarare. Uvimbe ukiwa hafifu na mpana, atomu imezama zaidi. Mwaka 2004 Paul Koenraad na wenzake wa Eindhoven walichapisha picha ya atomu moja ya manganizi ndani ya fuwele ya galiamu na aseniki, yenye mabawa mawili.

Mwaka 2012 kundi la Michelle Simmons, Sydney, lilitumia sindano hiyo kuipachika atomu moja ya fosforasi ndani ya silikoni, ikafanya kazi kama transista.