Sindano ya Kujikinga na VVU: Wanachokisema Wanawake

Kidonge cha PrEP, dawa ya kujikinga na VVU, kinakinga vizuri kikimezwa ipasavyo. Kikwazo kiko nyumbani. Kopo lake hulia ndani ya mkoba na linafanana na kopo la ARV, dawa za wanaoishi na VVU. Mume akilikuta kabatini, maswali hayakosekani: "Kumbe unaumwa?" au "Una mwanamume mwingine?" Katika tafiti nyingi barani Afrika, wanawake wametaja hofu hiyo kuwa sababu ya kuruka dozi au kuacha dawa kabisa.

Utafiti wa HPTN 084 ulihusisha wanawake zaidi ya 3,200 katika nchi saba, zikiwemo Kenya na Uganda. Kundi moja lilichomwa sindano ya PrEP iitwayo kabotegraviri kwenye tako kila baada ya wiki nane, jingine likapewa vidonge. Matokeo ya mwaka 2020 yalionyesha maambukizi 4 kwa waliochomwa sindano na 34 kwa waliopewa vidonge. Vipimo vya damu vilibainisha kuwa wengi wa kundi la vidonge hawakuwa wakimeza kila siku. Mwaka 2024 yakaja matokeo ya sindano nyingine, lenakapaviri, inayochomwa mara mbili tu kwa mwaka: kati ya wasichana na wanawake 2,134 wa Afrika Kusini na Uganda walioipata, hakuambukizwa hata mmoja.

Wengi wanaipenda sindano kwa kuwa wameizoea ile ya uzazi wa mpango. Unachomwa, unarudi nyumbani, huna cha kuficha. Hata hivyo, wana hoja zao. Kabotegraviri huuma. Lenakapaviri huchomwa chini ya ngozi ya tumbo na inaweza kuacha kinundu ambacho mwenza atakigusa. Tena, dawa ikishaingia haitolewi. Hubaki mwilini kwa miezi mingi ikipungua polepole, na kiasi hicho kidogo hakitoshi kukinga, lakini mtu akiambukizwa kinaweza kuvipa virusi usugu. Ndiyo maana anayeacha sindano huku bado yumo hatarini anapaswa kuhamia njia nyingine mara moja. Ajue pia kwamba sindano haizuii mimba, kaswende wala kisonono.

Wanaoishi na VVU nao wana sindano yao: kabotegraviri pamoja na rilpivirini, kila baada ya miezi miwili. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwa wale ambao virusi vyao vimefubazwa na hawana homa ya ini aina ya B.

Kwa hiyo tusiishie kuagiza dawa. Sindano ikitolewa katika chumba chenye bango la VVU, siri itavuja kwenye foleni. Itolewe palepale panapotolewa huduma za uzazi wa mpango na kliniki ya wajawazito, karibu na watu ili nauli isiwakwamishe, na vidonge viendelee kuwepo kwa anayevitaka. Mwanamke aelezwe njia zote, kisha achague mwenyewe.