Tusiyavishe Saruji Majengo ya Wazee Wetu

Ndugu msomaji, wazee wetu wa pwani hii walijenga misikiti na majumba kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Mawe na chokaa ndiyo yaliyousimamisha Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, mji alioufikia Ibn Battuta mwaka 1331. Kule Kizimkazi, Unguja, maandishi ya Kikufi yaliyochongwa katika kibla yataja mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107 Miladia. Msikiti ule ulijengwa upya katika karne ya 18, lakini waliojenga hawakuyatupa maandishi yale, na hata leo watu huswali mbele yake. Hiyo ndiyo adabu ya kutengeneza kitu cha kale.

Je, sisi twatengenezaje? Ukuta ukimomonyoka, watu huchanga fedha, hununua saruji, na fundi hupiga lipu ngumu toka chini hata juu. Ukuta hung'aa, na kila mtu hufurahi. Haipiti miaka mingi, lipu huvimba na kupasuka, na nyuma yake jiwe limekuwa unga. Fedha za wakfu zimekwenda, na ukuta ni mbovu kuliko kwanza.

Sababu yake yafaa ijulikane katika kila nyumba. Jiwe la matumbawe lina vitundu vingi, nalo hunyonya maji ya ardhi na ya mvua pamoja na chumvi. Chokaa nayo ina vitundu, kwa hiyo maji yaliyoingia hupata njia ya kutoka, na ukuta hukauka. Saruji huiziba njia hiyo. Maji yakikosa pa kutokea hupanda juu zaidi, chumvi huganda nyuma ya lipu na kulimega jiwe, na vichwa vya boriti vilivyomo ukutani huoza pasipo mtu kuona. Tena jengo likicheza kidogo, chokaa hufuatana nalo. Saruji kwa ugumu wake hupasuka, na ufa ule huwa mlango wa mvua.

Basi yatupasa nini? Kwanza, tuanze juu: paa lisivuje, mifereji isizibe, na miti iotayo katika nyufa ing'olewe ingali michanga. Pili, ukuta wa chokaa utengenezwe kwa chokaa iliyozimwa vyema kwa maji, ikaachwa shimoni muda mrefu hata ikalainika kama samli. Mchanga wake usiwe na chumvi, na lipu ipigwe tabaka nyembamba nyembamba, ikirushiwa maji isikauke upesi. Tatu, kabla ya kubomoa, tuwaulize wenye ujuzi. Unguja iko Mamlaka ya Mji Mkongwe tangu mwaka 1985, na Lamu wako watu wa Makumbusho.

Labda mtu atasema kwamba chokaa ina kazi nyingi na yataka subira. Ni kweli, lakini saruji ibanduliwayo na kupigwa tena kila baada ya miaka michache, gharama yake ni ipi? Na kuchelewa nako kuna hatari. Beit al-Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883 zama za Sayyid Barghash, iliporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020 wakati wa matengenezo, na watu wawili wakafa. Lakini magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyotiwa mwaka 2004 katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini, yalitolewa humo mwaka 2014 baada ya kuhudumiwa. Kumbe yawezekana.

Enyi vijana, nendeni kwa mafundi wazee wa chokaa mkajifunze kazi yao, maana mwenye kuijua akifa, huzikwa nayo. Nanyi wasimamizi, kumbukeni kwamba wakfu ni amana, na aliyeuweka alikusudia udumu. Mwenyezi Mungu, katika Sura ya Tawba, aya ya 18, amewataja wenye kuiimarisha misikiti yake. Na tuwe miongoni mwao.

Wabillahi tawfiq.