Cheo ni Dhamana: Hisabu ya Mwakilishi wa Wadi

Msomaji, huenda umepita njia ya uwanja wa ndege wa Mombasa mara nyingi bila ya kujua kwamba uwanja huo umeipa jina wadi nzima. Wadi yenyewe yaitwa Airport, nayo ni moja katika wadi tano za Changamwe. Nyingine ni Port Reitz, Kipevu, Chaani na Changamwe. Mgeni ashukaye hapo huchukuliwa na gari mbio kwenda hotelini, macho yake yakitafuta bahari. Ni nadra kuuliza nani akaa pembeni mwa njia ile, wala nani amsemea mkaazi huyo anapokuwa na shida.

Uwanja ule ulijengwa wakati wa Vita Vikuu vya Pili na wahandisi wa jeshi la Afrika Kusini, na ndege za kivita za Waingereza zikautumia. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ulipanuliwa ukawa wa kimataifa. Tangu 1991 viwanja vya ndege vya nchi hii vina mamlaka yake, yaliyowekwa kwa sheria ya Bunge, na mambo ya usafiri wa anga ni ya serikali ya taifa. Basi hapa pana jambo la kutafakari. Mwakilishi wa wadi hii ameitwa kwa jina la uwanja, lakini katika uwanja hana amri hata ya jiwe moja. Jina lake ni la ndege, kazi yake ni ya mtaro, ya soko na ya taa ya mtaani.

Hebu tumchukulie mwakilishi mmoja, si fulani wala fulani, awe ni mfano tu. Miaka yake mitano imekwisha. Kesho watu wapiga kura, na yeye amekaa barazani kwake baada ya sala ya Isha, simu ameizima. Ataihisabu vipi miaka hiyo?

Yamkini ataanza kwa yale yaliyomchosha. Atakumbuka mazishi aliyohudhuria na bahasha alizotoa, harusi alizochangia, watoto aliowalipia karo, wagonjwa aliowatafutia gari usiku wa manane. Atajiambia, "Watu wangu niliwafaa." Wala hatasema uwongo. Lakini je, hiyo ndiyo kazi aliyoajiriwa?

Zamani alikuwa akiitwa diwani. Aliketi katika Baraza la Manispaa pamoja na madiwani wenziwe, na wao ndio waliomchagua Meya miongoni mwao. Kisha ikaja Katiba mpya, iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010, na katika uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013 diwani akaondoka, akaja mwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti. Nchi nzima ina wadi 1,450, na Mombasa ina 30. Katiba imempa mtu huyu kazi kubwa: kutunga sheria za kaunti, kupitisha makadirio ya fedha, kuwakubali au kuwakataa mawaziri wa kaunti wanaopendekezwa na Gavana, na kuichungua serikali ya Gavana isiende kombo.

Na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, katika kifungu chake cha 9, imesema wazi kwamba mwakilishi asijiingize katika kazi za utendaji wa serikali ya kaunti, wala asitoe huduma kama kwamba yeye ni mfanyakazi wake. Maana yake ni nini? Si yeye wa kuchimba mtaro. Yeye ni wa kuhakikisha kwamba fedha za mtaro zimo katika bajeti, na kwamba mtaro ulioandikwa kwenye karatasi unaonekana na kwenye ardhi.

Chukua mfano wa maji. Mombasa hunywa maji yatokayo mbali. Bomba la Mzima lilijengwa katika miaka ya 1950 kuyaleta kutoka Tsavo, na mengine hutoka Baricho, Marere na Tiwi. Kusambaza maji mjini ni kazi ya kampuni ya kaunti, lakini kuyaleta kwa wingi mpaka mjini ni kazi ya shirika la serikali ya taifa. Mfereji ukikauka, mama mwenye madumu yake hayajui hayo yote, wala si lazima ayajue. Yeye humjua mwakilishi wake, humwendea mlangoni. Mwakilishi mwepesi huita lori la maji, akapigiwa vigelegele, na wiki ya pili madumu yakawa matupu tena. Mwakilishi mwenye kujua kazi hwenda kuuliza bungeni: fedha za mabomba ya mtaa huu zilipitishwa mwaka gani, na zimekwenda wapi? Huyu wa pili hapigiwi vigelegele. Lakini kati ya wawili hao, ni yupi aliyemtendea haki mama yule?

Au chukua ada. Kila mwaka bunge la kaunti hupitisha Sheria ya Fedha, na humo ndimo mnamopangwa kiasi cha leseni ya duka, ada ya soko na malipo ya kuegesha gari. Muuza mboga anayelalamika kwamba ada imempanda hujui kwamba mkono wa mwakilishi wake ulikuwa juu siku ile ilipopitishwa, au kwamba kiti chake kilikuwa kitupu. Wahenga walinena, ukiona vyaelea vimeundwa. Na vilivyozama, msomaji, pia vina waliovitoboa.

Kusema kweli, lawama si ya mheshimiwa peke yake. Mimi mwandishi nimo. Miaka mingi nyuma nilikwenda kwa diwani mmoja kumwomba anisaidie karo ya mtoto wa jamaa yangu. Alinipa, Mungu amlipe, nami nikatoka nikimsifu mtaa mzima. Sikumuuliza katoa wapi. Sikumuuliza shule ya mtaa imekosa vyoo kwa nini. Na uchaguzi ulipofika nilimpigia kura kwa ajili ya ile bahasha. Kwa hakika nilimfunza kuwa hivyo. Mtu tunayempima kwa bahasha atatafuta bahasha, na akizikosa kwa halali atazitafuta kwingine. Katiba imelilazimisha bunge la kaunti kufanya kazi yake hadharani na kuwashirikisha wananchi, na ripoti za Mkaguzi Mkuu wa hesabu hupelekwa huko. Lakini ukiitishwa mkutano wa bajeti, viti huwa vitupu; ukiitishwa mkutano wa kugawa fulana, hapana pa kukanyaga.

Cheo hakikai na mtu. Watu wa Changamwe wamkumbuka marehemu Ramadhan Seif Kajembe, aliyeliwakilisha jimbo hilo katika Bunge la Nairobi tangu 1997 hadi 2013, na katika serikali ya muungano ya 2008 akawa waziri msaidizi wa mazingira. Jimbo lilipogawanywa na Jomvu ikawa jimbo mbali, aligombea huko 2013 akashindwa. Alifariki Disemba 2020. Hiyo ni zaidi ya miaka 15 bungeni, kisha asubuhi moja mtu ni mwananchi kama wewe na mimi. Msemo wetu wa pwani ni mkali: mla ni mla leo, mla jana kala nini?

Kwa hivyo urefu wa muda si kipimo. Sisi Waislamu twamjua Umar bin Abdulaziz, aliyeshika ukhalifa mwaka wa 99 wa Hijria akafariki mwaka wa 101. Hakutimiza hata miaka mitatu; ni muda mfupi kuliko wa mwakilishi wetu wa wadi. Yasimuliwa kwamba alikuwa akifanya kazi ya umma usiku kwa taa ya Baitulmali, na mgeni alipomuuliza hali yake na ya watu wa nyumbani, aliizima taa ile akawasha yake mwenyewe. Mafuta yenyewe yalikuwa ya senti ngapi? Lakini karne kumi na tatu zimepita, na taa hiyo ingali yazungumzwa katika mihadhara ya misikiti yetu, toka Lamu hadi Vanga.

Basi turudi barazani kwa mtu wetu wa mfano. Usiku umekwenda. Zile bahasha amekwisha kuzihesabu, na bado moyo haujatulia. Yafaa ajiulize mengine. Ni siku ngapi nilikosa bungeni bila ya udhuru? Ni sheria gani niliipitisha bila ya kuisoma? Nilimuuliza nani swali la fedha, na nilinyamaza kwa ajili ya nani? Gari nililopandia kwenda arusini, mafuta yake yalikuwa ya nani? Akiweza kujibu hayo, na alale. Asipoweza, usiku ungali mrefu na mlango wa toba haujafungwa.

Na sisi wa mtaani tujiulize letu moja: kesho tukimwona anakuja, tutamnyooshea mkono kuomba, au tutamnyooshea karatasi ya bajeti tumuulize?

Nami namaliza kwa ubeti huu:

Cheo ni nguo mwilini, ya kuazimwa yavuka,
Ulipewa hadharani, na hadharani watoka,
Ulilotenda gizani, mchana litajazuka,
Hisabu i mkononi, siku ikisha kufika.